Sweta Imegoma Kukaa Mwilini? Anza na Uzi na Patani Kabla ya Kulaumu Mikono

Mtu akimaliza sweta ikatoka pana kama gunia, husema, "Mikono yangu mizito, sina kipaji." Nami nilisema hivyo kwa miaka. Nilipoanza kuandika kwenye daftari kila kazi niliyofuma, kwa uzi gani na sindano gani, nikaona kitu kingine kabisa: nyingi ya zilizoniharibikia zilikuwa zimeharibika kabla sijaanzisha kitanzi cha kwanza. Uzi niliuchukua kwa sababu rangi yake ilinivutia, patani (maelekezo ya kufuma nguo) kwa sababu picha yake ilinivutia, na sikuuliza kama viwili hivyo vinapatana.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, kisha tunarudi nyuma kutafuta chanzo. Tafuta dalili yako, nyingine ziruke. Nikisema "ufumaji laini" nina maana ule ambao mbele unaonyesha herufi V zilizopangana na nyuma una vinundu. "Kipande cha majaribio" ni mraba mdogo unaofumwa kabla ya kazi yenyewe, ule ambao sote tunaujua na wengi tunaukwepa.

Nguo imetoka kubwa au ndogo kuliko ilivyoandikwa

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho: kipimo chako cha vitanzi si kile cha patani. Chukua patani inayotaka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na kifua cha sentimita 110. Hiyo ni vitanzi 242 kuzunguka mwili. Wewe ukifuma kwa ulegevu ukapata vitanzi 20 kwa sentimita 10, vitanzi hivyohivyo 242 vinakupa sentimita 121. Ukikaza ukapata 24, unabaki na kama 101. Vitanzi viwili tu, na nguo imehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hata nusu kitanzi si jambo dogo: hapo inakugharimu zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Dawa unaijua, ila ifanye ipasavyo. Kwa kipimo hicho anzisha vitanzi kama 40, fuma mpaka upate sentimita 15 kwenda juu, kwa mtindo uleule wa patani. Kifue kipande kama utakavyoifua nguo, kikauke kikiwa kimelazwa, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Usipime hadi pembeni, kwa maana vitanzi vya ukingoni havina adabu. Vitanzi vikiwa vingi mno, panda sindano nene zaidi. Vikiwa vichache, shuka kwenye nyembamba. Ukihitaji kupanda au kushuka zaidi ya hatua mbili tatu za sindano ili kupata namba, basi uzi huo si wa patani hiyo. Utafikia kipimo, ndiyo, lakini kitambaa kitakuwa kigumu kama ubao au kilegevu kama chandarua.

Chanzo cha pili hujificha. Kipande ulikifuma kwa kwenda na kurudi, lakini sweta yenyewe inafumwa kwa kuzunguka kwenye sindano ya mviringo. Wengi wetu hatuvuti uzi kwa nguvu sawa katika safu za mbele na safu za nyuma, na kwenye kuzunguka safu za nyuma hazipo. Pima kwa namna utakayofumia. Tumia na sindano zilezile: uzi unaoteleza kwenye chuma unaweza kushikwa na mianzi, na kipimo kikabadilika ingawa milimita ni zile zile.

Cha tatu: kipimo ni sahihi, ila ulichagua saizi isiyo yako. Patani nyingi huandika namba mbili, ya mwili na ya nguo iliyokamilika. Sweta ya kuvaliwa kawaida huizidi mwili kwa sentimita 5 hadi 10 kifuani, ya mtindo mpana huzidi hata 20. Kofia na soksi ni kinyume, huwa ndogo kuliko kichwa au mguu kwa kama asilimia 10 ili zishike. Usijiulize "mimi ni saizi gani." Chukua sweta unayoipenda kabatini, ilaze mezani, ipime kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili, kisha utafute namba hiyo kwenye safu ya nguo iliyokamilika.

Upana ni sawa, lakini kwapa limeshuka mpaka mbavuni

Hapa wa kuulizwa ni idadi ya safu, ambayo karibu kila mtu huipuuza. Kwenye sweta ya kufumwa vipande, patani husema "fuma hadi sentimita 40," na idadi ya safu haikudhuru sana. Kwenye sweta inayoanzia shingoni, ile ambayo mikono na mwili huongezwa pamoja kwa kila safu kadhaa, kina cha kwapa kinaamuliwa na safu zenyewe. Safu 66 kwa kipimo cha safu 30 kwa sentimita 10 ni sentimita 22. Ukipata safu 27, zilezile 66 zinazidi sentimita 24. Kama safu hazikubali na vitanzi vimekubali, usihangaike na sindano. Chagua patani ya vipande, au punguza safu zisizo na ongezeko.

Ilinikaa siku ya kwanza, sasa inakaribia magotini

Uliza uzi umetengenezwa kwa nini. Sufu ina mawimbi ya asili, ukiivuta inarudi. Pamba, kitani, hariri na viskosi ya mianzi hazina kumbukumbu hiyo: zikivutwa zinabaki zilipovutwa. Alpaka ni nywele za mnyama wa jina hilo, ina joto kuliko sufu nyingi, lakini nayo hushuka polepole kama pazia.

Sasa ongeza uzito. Pamba ni nzito kuliko sufu ya unene uleule, na patani ya misuko, ambayo vitanzi hupishana kama nywele zilizosukwa, hula uzi mwingi kuliko ufumaji laini. Niliwahi kufuma sweta ndefu ya misuko kwa pamba tupu. Ilikuwa nzuri mno ikiwa mezani. Nilipoivaa, uzito wake wenyewe uliivuta, na kufikia jioni mikono ilikuwa imefunika vidole.

Kama unaupenda uzi wa namna hii, badilisha patani badala ya kuulazimisha. Chagua nguo nyepesi, fupi kidogo, yenye mishono ya kweli mabegani na ubavuni. Mshono ni kama mfupa, unazuia nguo isishuke. Sweta isiyo na mshono popote haifai kwa pamba nzito. Shuka sindano moja ili kitambaa kishikane. Kipande cha majaribio kikishakauka, kining'inize usiku kucha na vibanio kadhaa upande wa chini, upime tena asubuhi. Hapo pamba husema ukweli.

Sufu ambayo lebo inairuhusu mashine ya kufulia ina ujanja wake. Magamba ya nyuzi zake yameondolewa au kufunikwa ili isigande, na kwa sababu hiyo vitanzi havishikani vizuri vikiwa na maji. Ikilowa inaweza kukua ghafla ukadhani umeiua. Mara nyingi hurudi ikikaushwa kwenye mashine kwa muda mfupi, kama lebo inaruhusu. Ndiyo sababu nasisitiza kipande kifuliwe: uzi wa aina hii hudanganya ukiwa mkavu.

Imerudi, imekuwa nene na ngumu

Sufu isiyotibiwa imekutana na joto, maji na msukosuko. Magamba yake yameng'ang'aniana na hayaachani tena. Kama nguo ni ya mtu asiyefua kwa mkono (mtoto mchanga, au rafiki mwenye shughuli nyingi), swali la kufua liulizwe kabla ya swali la rangi.

Misuko haionekani, matundu ya lesi yamepotea

Umefuma kazi ya wiki tatu, na mtu aliyesimama hatua mbili anaona kitambaa cheusi tu. Kuna wahusika watatu hapa, na mara nyingi hushirikiana.

Rangi nyeusi sana au buluu ya usiku humeza vivuli, na msuko ni kivuli tu. Uzi wenye rangi nyingi zinazobadilika kila sentimita chache hupigana na mchoro, na macho hufuata rangi. Uzi wenye manyoya, kama moheri (nywele za mbuzi wa Angora), hufunika kila kitu kwa ukungu.

Kisha kuna umbo la uzi wenyewe, ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Fungua ncha ya uzi uhesabu nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Wenye nyuzi tatu au zaidi, uliosokotwa kwa kukaza, ni wa mviringo, na vitanzi vyake hujitokeza. Huo ndio wa misuko na michoro ya vinundu. Wenye nyuzi mbili ni bapa kidogo, na nyuzi zake husukumana nje, hivyo tundu hubaki wazi. Huo ni wa lesi. Uzi mmoja usiosokotwa na mwenzake ni laini na unapendeza mkononi, lakini michoro yake hufifia mapema.

Lesi pia lazima ilazwe: iloweshe, ivute mpaka matundu yafunguke, ibane kwa pini, iache ikauke. Kabla ya hapo kila lesi hufanana na tambi zilizopikwa zikasahaulika. Na hapa akriliki, uzi wa plastiki, ina tatizo, kwa kuwa hailazwi kwa maji tu kama sufu. Hukubali umbo kwa mvuke, lakini ukizidisha joto au ukigusisha pasi inayeyuka kidogo, inalegea na kung'aa, na haitarudi ilivyokuwa.

Kipande kinainama upande mmoja, au kingo zinajikunja

Haya ni mambo mawili tofauti. Kuinama, ule mraba unaotaka kuwa msambamba, hutokana na uzi uliosokotwa kupita kiasi upande mmoja, hasa uzi wa uzi mmoja. Jaribu: uache urefu wa mkono uning'inie ukiwa umekunjwa mara mbili. Ukitulia, umesawazika. Ukijisokota wenyewe mara nyingi, ufumaji laini utakuinamia, na kufua hakutaondoa kabisa. Ufume kwa ribu au kwa vinundu vinavyopishana, ambako vitanzi vya mbele na vya nyuma vinavutana na kusawazisha.

Kujikunja kwa kingo si kosa la uzi. Ufumaji laini hujikunja, ndiyo tabia yake. Skafu ya ufumaji laini itakuwa bomba, lawama ni ya patani. Ukingo wa vitanzi vinne au vitano vya vinundu kila upande hupunguza, lakini kwa skafu mimi naona afadhali uchague mchoro usiojikunja tangu mwanzo.

Rangi imejikusanya madoa, au mstari umetokea katikati ya mgongo

Madoa hutokea kwenye uzi uliopakwa rangi kwa mkono, pale upana wa kazi yako unapolingana na urefu wa rangi zinavyojirudia. Kifuani panatokea mistari mizuri, shingoni rangi moja inajaa upande mmoja kama maji yaliyomwagika. Fuma na madonge mawili kwa zamu, safu mbili za hili na safu mbili za lile.

Mstari ni habari nyingine. Angalia lebo: mbali na namba ya rangi kuna namba ya mkupuo wa kupakwa rangi. Madonge mawili ya rangi ileile kutoka mikupuo tofauti huonekana sawa mkononi na tofauti mgongoni. Nunua yote kwa pamoja. Kama umelazimika kuchanganya, zamu ya safu mbili mbili hufanya kazi hapa pia, au tumia donge geni kwenye ribu za mikono na shingo, ambako macho hayalinganishi.

Ukichanganya nyekundu au buluu iliyokolea na nyeupe, kwanza bana uzi wenye rangi ndani ya kitambaa cheupe chenye maji kwa muda. Kikitoka na rangi, patani hiyo ya rangi mbili isubiri uzi mwingine.

Uzi umeisha na mkono mmoja umebaki

Kosa hapa ni kununua kwa gramu. Patani inaposema madonge 10 ya gramu 50, tafuta na mita. Kama kila donge lina mita 120, unahitaji mita 1200. Uzi uliouchagua wewe ukiwa na mita 85 kwa gramu 50, madonge 10 ni mita 850 tu. Unahitaji 15, si 10. Na mimi huongeza moja juu ya hapo, kwa sababu kipande cha majaribio nacho hula.

Mita hizo pia husaidia kupima kama uzi mbadala unafaa. Kwa sufu na zinazofanana nayo, gramu 100 zenye mita 400 hivi ni uzi wa soksi. Mita 200 hadi 250 ni uzi mwepesi wa sweta. Karibu 160 hadi 200 ni uzi wa wastani. Ukishuka kwenye mia na kitu, ni mnene. Pamba, kwa uzito wake, itaonyesha mita chache kwa unene uleule, usiifananishe na sufu kwa hesabu hiyo pekee.

Kuna na namba kwenye picha ndogo ya donge, kutoka 0 hadi 7, iliyowekwa na Craft Yarn Council ya Marekani. Namba 1 hutoa vitanzi 27 hadi 32 kwa sentimita 10, namba 2 vitanzi 23 hadi 26, namba 3 vitanzi 21 hadi 24, namba 4 vitanzi 16 hadi 20, namba 5 vitanzi 12 hadi 15. Ona jinsi namba 2 na 3 zinavyopandiana, na jinsi pengo lilivyo kubwa ndani ya namba 4. Namba hiyo inakupeleka mtaa sahihi tu, nyumba utaitafuta mwenyewe kwa kipande cha majaribio.

Vidonge vimejaa kwapani baada ya wiki mbili

Nyuzi fupi na laini, zilizosokotwa kwa kulegea, hutoka nje na kujiviringisha panapokwaruzana. Ulaini ule uliokuvutia dukani ndio huo unaokusumbua sasa. Usugue uzi kwa kidole gumba mara ishirini kabla ya kununua. Ukianza kutoa manyoya, uweke kwa ajili ya kofia au shali.

Soksi zinazotoboka kisigino ni ndugu wa tatizo hili. Merino tupu, ile sufu laini ya kondoo wa merino, haiwezi kazi ya kiatu. Uzi wa soksi wa kawaida una kama asilimia 75 ya sufu na 25 ya nailoni, na hufumwa kwa kukaza kuliko sweta.

Inawasha

Usiujaribu kwa vidole, ngozi ya vidole ni ngumu. Uweke shingoni dakika chache. Wembamba wa nyuzi hupimwa kwa mikroni, na nyuzi zinazozidi mikroni 30 hivi ndizo zinazochoma ngozi. Kwa shingo na watoto, merino laini au pamba. Kwa koti la juu, sufu ngumu ni nzuri na hudumu.

Patani ni sahihi, uzi ni sahihi, lakini namba hazikubali

Tazama patani imetoka wapi na ni ya zamani kiasi gani. Sindano namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, na huko namba huongezeka sindano inavyokuwa nyembamba. Usinunue sindano kwa namba, nunua kwa milimita. Na kwenye michoro ya visanduku, safu za mbele husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, za nyuma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifuma kwa kuzunguka, zote kulia kwenda kushoto. Msuko unaopinda upande usiotarajiwa mara nyingi umesomwa kinyume.

Donge halina lebo

Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya udongo, ukiwashe karibu na maji. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima, na majivu yake yanasagika. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Mchanganyiko hutoa majibu mchanganyiko, na hapo ukubali kuufulia kwa upole tu.

Ukiamua kufumua

Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi, na ukiufuma hivyo hivyo utakupa kipimo cha uongo. Uzungushe mgongoni mwa kiti uwe shada, ufunge sehemu nne kwa kamba, uloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, ukamue bila kuusokota, uutundike ukauke. Moheri inayokataa kuachana iweke kwenye friza saa chache, nywele zake hulegea kidogo. Sufu iliyoganda haifumuki kwa vyovyote, lakini inakatwa kwa mkasi bila kuchambuka. Sweta yangu moja ya kijivu sasa ni vishikio vinne vya sufuria.